Paka wako hajarudi nyumbani: namna ya kujua sababu na kumtafuta

Paka wangu Chausiku alitoka Alhamisi baada ya magharibi, akapita dirisha la jikoni kama kawaida yake, na Ijumaa asubuhi sahani yake ilikuwa bado imejaa dagaa. Nikajiambia atarudi. Jumamosi nikajiambia hivyo hivyo. Jumapili ndipo nilipotoka kumtafuta, nikazunguka mtaa wetu wa Ngamiani, hapa Tanga, barabara kwa barabara, nikafika mpaka sokoni nikiuliza kila muuza samaki. Jumatatu usiku nikamsikia: mlio mwembamba, mkavu, ukitokea stoo ya nyumba ya tatu kutoka kwetu. Wenye nyumba walikuwa wamekwenda msibani Lushoto, na walipoifunga stoo hawakujua kwamba kuna paka amelala nyuma ya magunia ya mkaa. Siku zote nne alikuwa hatua arobaini hivi kutoka mlangoni kwangu, na mimi nilikuwa sokoni.

Tangu hapo majirani wengi wamenijia paka wao wakipotea, na kosa ninaloliona ni lile lile nililolifanya mimi. Watu husubiri kwanza. Wakishachoka kusubiri, huanza kutafuta mbali. Fanya kinyume chake: anza leo, na anza karibu.

Kwa nini nasema karibu

Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliowahusisha watu zaidi ya 1,200 waliopotelewa na paka. Robo tatu ya paka waliopatikana walikutwa ndani ya mita 500 kutoka pale walipotoweka. Wale waliozoea kukaa ndani tu hawakufika hata huko. Robo tatu yao walikuwa ndani ya mita 137. Theluthi moja ya paka wote walipatikana katika wiki ya kwanza, na baada ya siku 90 waliopatikana hai walikuwa wachache sana. Miaka miwili baadaye ukatoka utafiti mwingine, wa paka 925 wa nchi sita waliovalishwa vifaa vya GPS, nao ukaonyesha kwamba wengi wao muda wao mwingi huumalizia ndani ya mita 100 tu kutoka nyumbani kwao.

Mitaa yetu nyumba zimebanana. Kuna dari, chochoro, mabanda ya kuku, magari mabovu, mitaro iliyofunikwa zege. Mita 100 za Ngamiani zina maficho mengi kuliko utakavyoweza kuyakagua kwa siku moja, kwa hiyo sioni sababu ya mtu kukimbilia mtaa wa pili kabla hajamaliza wake.

Jambo la pili, na hili ndilo linalowapoteza wengi: paka aliyeogopa au aliyeumia mara nyingi halii. Hukaa kimya kabisa, hata akimsikia mwenyewe anamwita. Watafiti wa Japani mwaka 2013 waliwasikilizisha paka sauti za watu wanaowafuga na sauti za watu wageni. Paka waliitambua sauti ya mtu wao, wakageuza masikio na kichwa, lakini mara nyingi hawakusogea. Basi usiseme "nimemwita hakuitika, hayupo." Huenda yupo, amekusikia, na bado anaogopa kutoka.

Sababu itakuambia utafute wapi

Kabla hujatoka, kaa chini dakika tano umfikirie paka wako. Dume au jike? Amehasiwa? Kuna kilichobadilika nyumbani wiki hii? Alikuwa anakula vizuri? Kila jibu lina mahali pake pa kutafuta.

Dume asiyehasiwa akifika miezi sita hivi huanza kufuata majike. Anaweza kukaa nje siku tatu, wiki, hata zaidi, kisha akarudi amekonda, sikio limechanika, shavu limevimba jipu la kung'atwa. Huyu mtafute kule unakosikia ugomvi wa paka usiku, na tazama juu ya mabati. Ndiye anayeelekea zaidi kuwa amekwenda mbali.

Jike naye ana mambo yake. Ulaya majike hupumzika kuzaa wakati wa baridi kwa sababu mchana ni mfupi. Huku kwetu, karibu na ikweta, mchana haubadiliki sana, hivyo jike anaweza kuingia kwenye joto mwezi wowote wa mwaka. Joto hukaa kama wiki moja, na asipopandwa hurudi tena baada ya wiki mbili tatu. Utamjua: analia mfululizo, anajiviringisha sakafuni, anainua kiuno ukimgusa mgongo. Akiondoka siku hizo hatakuwa mbali, atakuwa amezungukwa na madume. Lakini kama tumbo lilikuwa limejaa na sasa haonekani, hesabu siku. Mimba ya paka ni siku 63 hadi 65 hivi. Inawezekana amekwenda kuzaa mahali pakavu, penye giza, pasipofikiwa na mbwa wala watoto: darini, nyuma ya mbao za fundi, ndani ya boksi lililosahauliwa stoo. Mara nyingi atarudi kula haraka haraka kisha aondoke. Usimfungie. Mfuate kwa mbali uone anaingia wapi, na ukivikuta vitoto usivishike siku za mwanzo, kwa sababu mama akisumbuliwa huvihamisha, na hapo utampoteza mara ya pili.

Mabadiliko ya nyumbani yanaweza kuonekana madogo kwako na yakawa makubwa kwake. Mtoto mchanga, mbwa mpya, fundi wa vigae, spika za harusi usiku kucha, fataki za mwaka mpya. Paka hakasiriki kama mtu anavyokasirika, anaogopa. Atakuwa amejibana sehemu ya kwanza aliyoiona wakati anakimbia, na anaweza kukaa hapo siku kadhaa. Na kama mmehama hivi karibuni, nenda nyumba ya zamani leo leo. Wapangaji wapya huwa wanaona paka anakuja kibarazani na hawajui ni wa nani.

Halafu chakula. Wazee walisema *paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya*, na katika hili wana sayansi upande wao. Mwili wa paka unahitaji taurini, na taurini inapatikana kwenye nyama na samaki. Akiikosa kwa muda mrefu macho yake huharibika na moyo hudhoofika. Paka unayemlisha ugali na mchuzi mtupu atatafuta nyumba ya pili yenye samaki, na akiipata atahamia huko polepole: kwanza anachelewa, kisha analala, kisha harudi. Kama paka wako amekuwa akirudi ameshiba kila mara, mvalishe shingoni utepe wa karatasi ulioandikwa "Huyu paka ni wako? Nipigie" na namba yako. Nimeufanya mwenyewe kwa paka wa jirani, na siku ya pili mama mmoja wa barabara ya nyuma akapiga kusema amekuwa akimpa vichwa vya vibua tangu Ramadhani.

Kukwama ndiko ninakokuogopa kuliko yote, kwa sababu mtu akienda haraka paka hupona, na akichelewa hufa bila jeraha lolote. Stoo, duka lililofungwa Jumamosi jioni, gari lililofunikwa turubai, dari yenye tundu moja, tangi tupu, kisima, karo lenye mfuniko uliovunjika. Paka hupenda joto la injini, hivyo anaweza kuingia chini ya boneti na kusafirishwa. Uliza: nani alikuja na gari siku ile? Nani alihama? Nani alisafiri na kufunga nyumba? Akikwama juu ya mti usimrushie mawe wala usimtikise. Kucha za paka zimepinda kwa kupandia, na kushuka kichwa mbele humshinda. Kwenye mnazi mwite mkwezi, apande na kikapu chenye kifuniko, amshushe kwa kamba.

Ugonjwa na majeraha. Paka mgonjwa hujitenga. Dume aliyekuwa akichuchumaa kila mara na mkojo hautoki huenda njia yake ya mkojo imeziba, na hiyo humuua kwa siku mbili tatu. Ukimpata nenda kwa daktari saa hiyo hiyo. Sumu ya panya nayo: wauzaji hupita mitaani na kipaza sauti, "dawa ya panya, mende, kunguni", na pakiti nyingi hazina hata maandishi. Zipo sumu zinazozuia damu kuganda, na dalili zake huja siku tatu hadi tano baadaye, wakati mtu ameshasahau alichotega. Zipo zinazoshika mishipa ya fahamu, paka anatoka povu na kutetemeka ndani ya dakika au saa chache. Uliza majirani bila kuwatuhumu ni nani ametega, na ametega nini. Uokote mfuko wa ile sumu ukiweza, daktari atauhitaji.

Kuna sababu moja zaidi, nayo lazima niiseme kwa sababu Chausiku ni mweusi tii. Wapo wanaoamini paka mweusi ni jini au ametumwa, na wakimwona uani usiku humpiga. Nimeshaambiwa nimfukuze. Kama paka wako ni mweusi, watafute kwanza majirani wenye imani hiyo, zungumza nao kwa heshima, na uwaambie wazi kwamba paka yule ana mwenyewe na mwenyewe ni wewe. Mtu huona vigumu zaidi kumdhuru paka anayemjua jina.

Saa ya kwanza: ndani ya nyumba yako

Usicheke hatua hii. Fungua kila kabati na kila droo, hata ile "isiyoweza kufunguka". Tazama nyuma ya friji, ndani ya mashine ya kufulia, ndani ya sofa lenye kitambaa kilichochanika kwa chini, juu ya kabati la nguo, ndani ya ndoo kubwa na mapipa. Panda darini na tochi. Kama dari haipandiki, zima feni na redio, kaa kimya robo saa usikilize.

Ukimaliza, nyunyiza majivu kidogo karibu na tundu la dari au mlango wa stoo. Asubuhi utaona nyayo. Wayo wa paka ni wa mviringo na hauna alama za kucha, kwa sababu akitembea huziingiza ndani. Wa mbwa una alama za kucha.

Siku ile ile: nyumba kumi

Zichukue nyumba kumi zinazokuzunguka, kama eneo la balozi wa nyumba kumi, na uzimalize zote. Hodi kila mlango, salamu kamili, kisha usiulize tu "mmemwona paka wangu?" Watu watajibu hapana na mlango utafungwa. Omba: "Shikamoo bibi, naomba tufungue stoo yako pamoja nitazame mwenyewe." Kuangalia kwa mtu mwingine kuna haraka, yeye atachungulia mlangoni, wewe utapiga magoti.

Mkikuta mlango umefungwa na mwenyewe hayupo, tafuta nani ana ufunguo. Kwa wazee wa pwani sijawahi kukosa msaada nikikumbushia hadithi ya Mtume wanayoijua wote, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Tena Mtume amesema paka ni katika wale *wanaowazungukia* majumbani mwenu, na mtu akikumbushwa hilo huutafuta ufunguo.

Zungumza na watoto. Watoto wa uani huona kila paka, wanajua yupi analala juu ya ukuta gani, na hawana sababu ya kukuficha. Waambie wakimwona wasimkimbize, waje wakuite.

Watu wengine wa kuwaendea ni hawa: mlinzi wa usiku, muuza bucha, mama anayekaanga samaki jioni, kijana wa bodaboda kijiweni, na mzoa taka. Huyu wa mwisho muulize kwa upole kama amekuta paka aliyegongwa. Jibu linaweza kuuma, lakini kujua ni bora kuliko kutafuta mwezi mzima.

Usiku: tochi, na kukaa chini

Hapa ndipo paka wengi wanapopatikana. Subiri mtaa utulie, kuanzia saa tano usiku, au toka saa kumi alfajiri kabla ya adhana. Nenda na mtu mmoja tu, na umjulishe mlinzi au balozi ili usidhaniwe mwizi. Shika tochi usawa wa macho yako, siyo kiunoni. Nyuma ya jicho la paka kuna utando unaorudisha mwanga, hivyo ukiangaza kwa usawa huo utaona macho yanang'aa kijani au njano hata kutoka mbali. Angaza chini: chini ya magari, ndani ya mitaro na makalavati, chini ya ngazi, katikati ya matofali yaliyopangwa, kwenye ua wa michongoma.

Kila baada ya nyumba mbili tatu, simama. Mwite kwa sauti ile ile unayomwitia chakula, siyo ya hofu, mara mbili tu. Kisha nyamaza dakika tatu. Dakika tatu ni ndefu kuliko unavyodhani, lakini mlio wa paka aliyedhoofu ni mdogo sana na hutausikia ukiwa unatembea.

Ukiyaona macho yake usikimbie. Kaa chini palepale, mtazame pembeni siyo usoni, fumba macho polepole, weka samaki mbele yako na usubiri. Nimewahi kukaa saa nzima mbele ya kalavati la mtu kwa ajili ya paka ambaye mwenyewe alikuwa amemtia mkononi jana yake akamponyoka kwa haraka.

Harufu na chakula

Weka mlangoni nguo uliyoivaa bila kuifua, au tambara analolalia. Kaanga dagaa jioni, dirisha likiwa wazi. Lakini usiache sahani nje usiku kucha bila mtu: paka shume wa mtaa atakuja kula, atajifanya mwenye uwanja, na wako hatathubutu kusogea. Weka chakula ukiwa umekaa hapo, kisha kiondoe.

Tangazo, na wezi wa simu

Andika karatasi fupi, picha moja kubwa, namba ya simu. Bandika dukani, kwenye bucha, ofisi ya serikali ya mtaa. Tuma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Ukitaka waumini wajue, simama nje baada ya sala, kwani ndani ya msikiti hakutangazwi kilichopotea. Kanisani ongea na katibu kabla ya matangazo.

Ficha alama moja. Kwenye tangazo langu niliandika "paka mweusi, jike, mdogo wa umbo" na sikutaja kidoa cheupe cha tumboni. Alinipigia mtu akasema anaye, nitume kwanza nauli kwenye namba fulani. Nikamuuliza ana alama gani tumboni, akakata simu. Usitume hata shilingi kabla hujamwona paka kwa macho, na ukienda kumchukua nenda na mwenzako.

Akionekana lakini hashikiki

Paka aliyekaa nje kwa hofu hata wiki moja anaweza kumkimbia mtu aliyemlea. Tumia mtego wa sanduku ukipata wa kuazima. Usipopata, tenga la kuku linatosha: liinamishe, liegemeze kijiti chenye kamba ndefu, weka samaki ndani kabisa, kaa mbali ukiwa umeshika kamba. Akiingia vuta, kisha lifunike mara moja kwa kanga, giza humtuliza. Mtego wa sanduku usiuache juani wala usiuache usiku mzima bila kuutazama.

Ukimshika atakukwaruza, pengine atakuuma. Jeraha la meno ya paka ni dogo juu na refu ndani, na huoza haraka. Lioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ueleze. Kichaa cha mbwa humpata paka pia, na kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakuna tiba. Usiseme "huyu ni wangu namjua": hujui alikutana na nini siku alizokuwa nje.

Akiisharudi

Mweke chumba kimoja kimya, maji, sanduku lenye mchanga. Mpe chakula kidogo kidogo, kijiko kimoja au viwili kila baada ya saa mbili tatu, siyo sahani kubwa kwa furaha. Paka aliyekaa siku kadhaa bila kula, hasa mnene, mafuta huweza kujaa kwenye ini lake, na akirudi hataki kula kabisa. Akipitisha siku nzima hali, ni kwa daktari.

Mkague ukiwa umemfunga taulo. Inua mdomo utazame fizi. Za rangi ya waridi ni nzuri. Nyeupe maana yake amepungukiwa damu, na kama kuna sumu ya panya mtaani hilo ni la kukimbilia, daktari ana sindano ya vitamini K. Za manjano ni ini. Za bluu au kahawia ni hatari ya saa hiyo. Bonyeza fizi kwa kidole kisha achia: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Tazama kucha. Zikiwa zimechanika ncha zote, inawezekana aligongwa na gari akajishika barabarani, na anaweza kuwa ameumia ndani ingawa anatembea. Akipumua kwa mdomo wazi, usisubiri asubuhi.

Mambo mawili ambayo yameua paka wengi mbele ya watu wanaowapenda. La kwanza ni panadol. Ini la paka haliwezi kuivunja, na kidonge kimoja tu kinaweza kumuua. La pili ni kumnywesha maziwa kwa nguvu paka aliyekula sumu: maziwa hayaondoi sumu, na kama amelegea yatampitia mapafuni.

Daktari wa mifugo wa wilaya huenda amezoea ng'ombe zaidi. Muulize bila haya kama ameshatibu paka, na akikuelekeza kwa mwenzake nenda. Walio karibu na Morogoro wana hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Kilimo Sokoine, walioko Nairobi wana ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoko Kabete, na Lamu kuna kliniki inayohudumia paka wa mji ule. Kumbebea, tenga la kuku lililofungwa kamba pande mbili linafaa kuliko kiroba. Kwenye kiroba hukosa hewa.

Asiondoke tena

Kuhasi kwanza. Dume au jike, kuanzia miezi minne hadi sita. Dume haachi kutembea siku ile ile, tabia hupungua wiki kadhaa baadaye. Wapo wanaoona ni ukatili; mimi nimeona vitoto vingi mno vikitupwa jalalani kwenye mfuko, na ukatili nauona pale.

Pili, mlo wa jioni wenye saa yake. Mlishe samaki au nyama kabla ya magharibi, gonga kijiko kwenye bakuli kila siku kabla ya kumpa, kisha funga dirisha mpaka asubuhi. Mlio wa kijiko ndio utakaomwita siku ya shida, kwa sababu ni mlio asiouhusisha na hofu yako.

Mkanda wa shingoni uwe na kipande cha lastiki ili ukinasa aweze kujinasua, na namba ya simu iandikwe kwa wino usiofutika. Chipu ya chini ya ngozi, yenye namba ya tarakimu 15, ni nzuri pale penye mashine za kuisomea. Walioko Dubai wanajua kwamba huko ni lazima. Mitaani kwetu namba ya shingoni ndiyo inayosomwa.

Mkihama, mfungie paka chumba kimoja cha nyumba mpya wiki mbili hadi tatu, na tambara lake la zamani lisilofuliwa. Siku ya kumwachia, mwachie akiwa na njaa, muda mfupi kabla ya mlo.

Siku zikipita bila habari

Wiki ya kwanza toka kila usiku. Wiki ya pili toka usiku mmoja, pumzika mmoja. Baada ya hapo rudi kila Jumamosi kwenye nyumba zile kumi, kwa sababu stoo iliyokuwa tupu mwezi uliopita huenda sasa ina paka. Badilisha karatasi zilizoloa mvua. Mkumbushe mzoa taka na mama wa samaki, watu husahau. Nyumba ya zamani, kama mmehama, piga simu huko kila wiki. Na laini iliyo kwenye tangazo usiiache ikafungwa: iwekee salio, maana mtu aliyemlisha paka wako miezi miwili anaweza kuiona karatasi yako siku moja akipita kununua sukari.